Barua ya wazi kuhusu njia ya miguu ya Irente: tunaomba kibali cha kuitengeneza

Yoghoi, Lushoto
Januari

Kwa wakuu wa ofisi zote zinazopokea fedha za njia ya Irente,

YAH: UBOVU WA NJIA YA MIGUU KUTOKA LUSHOTO MJINI HADI JABALI LA IRENTE

Waheshimiwa,

Shikamooni mlionizidi umri, na kwa wengine, habari za kazi. Husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mwongoza wageni. Njia hii nimeipanda na kuishuka tangu 2009, siku nyingine mara mbili, na kabla ya hapo niliipita utotoni nikiwa na kidumu cha maziwa kichwani. Naandika hadharani kwa sababu njia za faragha nimezimaliza. Barua ya kwanza niliileta Februari mwaka juzi, ya pili Mei mwaka jana, ya tatu Oktoba mwaka jana. Nakala zangu zote tatu zina mhuri wa "IMEPOKELEWA", na mhuri huo ndio jibu pekee la maandishi nililowahi kupata. La mdomo ni lile lile kila siku: faili liko mezani kwa mkubwa, mkubwa yuko Tanga kikaoni, pita Jumatatu. Jumatatu nimepita. Benchi la nje ya ofisi moja nalijua mpaka ubao wake unaobana suruali.

Majina ya ofisi zenu sitayaandika. Mnajijua, na nia yangu si kumwaibisha mtu. Nataka njia itengenezwe.

Kwa msomaji ambaye hajafika: kutoka Lushoto mjini, kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, hadi Irente ni kama kilomita 6. Barabara ya gari ipo, inazunguka. Njia ya miguu inakata katikati ya mikaratusi na miwati, inapita kando ya mashamba ya mahindi na maharage, inatokea Yoghoi, halafu inaendelea mpaka mahali ambapo ardhi inaisha. Sitii chumvi. Unakanyaga majani, na hatua inayofuata ni hewa. Chini yako, karibu mita 1,000, iko Mazinde: mashamba ya mkonge yamepigwa mistari kama daftari, reli ya Tanga, barabara kuu ya kwenda Moshi na mabasi yake madogo kama viberiti. Baada ya hapo ni nyika ya Wamasai mpaka macho yachoke. Mwewe wanaelea chini ya miguu yako, unawaona migongo. Wajerumani walioupa mji wetu jina la Wilhelmstal walipanda huku kukimbia joto la pwani; siku hizi wanapanda wanafunzi wa vyuo vya Tanga, maharusi wa Dar es Salaam na Wazungu wenye fimbo mbili mbili. Wengi wanataka wawe pale saa kumi na mbili jioni, jua likizama upande wa nyika. Saa hiyo ikumbukeni, nitairudia.

Malalamiko yetu ni haya. Nasema "yetu" kwa kuwa tuko waongoza wageni, wauza plamsi na mapeasi wa njiani, na wenye mashamba ya kandokando.

1. Njia imekuwa korongo

Kuna kipande cha kama hatua 200, kabla ya kufika Yoghoi, ambapo njia inashuka moja kwa moja bila kukata kona. Maji ya mvua yanaipenda njia ya namna hiyo kuliko watu. Udongo wetu ni mwekundu, wa mfinyanzi. Ukikauka ni tofali, ukilowa ni sabuni. Viatu vikiukanyaga miaka na miaka unashindiliwa, maji hayanywei tena, yanatiririka juu juu. Yakishapata mkondo, kila mvua inachimba zaidi ya iliyotangulia. Na tangu bodaboda wagundue kwamba humo wanaukwepa mzunguko wa barabara, tairi zinalegeza udongo na mvua inakuja kuubeba. Desemba nilisimamisha jembe ndani ya korongo: mpini wote ulizama, ncha haikufika usawa wa majani. Mizizi ya mkaratusi mkubwa wa pale iko wazi kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.

Nisiwanyime haki yenu. Baada ya barua yangu ya kwanza kuna mtu alituma kifusi, tripu moja, kikamwagwa humo na kusawazishwa kwa koleo. Hakuna mfereji uliochimbwa. Mvua tatu za masika zilikihamishia chote kwenye shamba la jirani.

Jirani huyo ni mama mmoja mwenye maharage. Watu wakishindwa kupita korongoni wanapita kwake. Alipoteza mistari minne, akaweka miba. Wageni wakaiondoa miba, naye akapoteza mistari mingine. Sasa ziko njia tatu sambamba, zote zinachimbika. Siku za gulio akina mama wanashuka humo na makapu ya kabichi kichwani, hawawezi kutazama miguu yao. Na Irente pana shule ya watoto wasioona. Nimewaona wawili wakifika pale na fimbo zao: wakagusa ukingo, wakasimama, wakagusa tena upande wa pili, mmoja akacheka kidogo, wakageuka kurudi barabara ya magari. Walikuwa wameshaijua njia ile. Fimbo ilikuwa imeikariri, na mvua moja ikaifuta.

2. Jabali halina kizuizi

Aprili mwaka jana nilipanda na mama mmoja wa Dar es Salaam, mstaafu, pamoja na wajukuu zake wawili. Mvua ilikuwa imekatika saa tisa. Wajukuu walitaka picha, na bibi ndiye aliyeshika simu. Akarudi nyuma hatua moja ili wote waenee. Mguu ukateleza, akakaa chini kwa kishindo, akaanza kuteremka polepole akiwa amekaa vile vile, kama mtoto anayecheza kwenye mteremko. Nilimdaka kanga, kanga ikanibaki mkononi. Aliyemwokoa ni mzizi. Aliukumbatia kwa mkono wa kushoto. Ndala yake ya kulia ilitangulia. Tulinyamaza wote tukisubiri kuisikia ikigonga chini. Hatukusikia kitu.

Tulipomvuta juu hakulia. Alijipangusa matope, akamtazama kijana wa pale mwenye daftari, akauliza, "Na mnatoza kiingilio?" Swali hilo nalileta kwenu kama lilivyo.

Huo ulikuwa mchana. Sasa ile saa niliyowaambia mwikumbuke. Jua likishazama, giza huku haliombi ruhusa, na mwezi wa saba linakuja na ukungu. Watu 20 au 30 wanageuka kwa mpigo na tochi za simu, wengine hawakuja na mwongozaji, na pale juu hakuna hata jiwe moja lililopakwa chokaa la kuonyesha njia ni ipi na jabali ni lipi.

3. Fedha zinapanda, hazishuki

Mgeni mmoja anaweza kulipa mara tatu kabla hajaiona nyika. Mjini analipa, anapewa risiti ya mashine. Njiani anasimamishwa na mtu mwenye kitabu cha stakabadhi ambacho namba zake hazifuatani. Juu kabisa yuko mwingine na daftari la mistari: unaandika jina, nchi, kiasi na sahihi, basi. Sisemi zinaliwa. Ushahidi sina, na mambo ya kusingiziana siyapendi. Nasema kwamba ukiondoa kile kifusi, miaka yote hii sijaona kitu kilichonunuliwa kwa fedha hizo kikaonekana kwenye njia hii. Wageni wananiuliza mimi, maana mimi ndiye ninayetembea nao. Nimechoka kutunga majibu.

4. Choo na taka

Chupa tunaziokota wenyewe, kila mwongozaji na kiroba chake. Choo cha wote hakuna njia nzima. Wenye hoteli wanatuonea huruma, lakini huruma nayo ina mwisho. Sitalirefusha. Aliyewahi kupanda na binti zake ameshanielewa.

5. Tumejitolea, tumerudishwa

Hili ndilo lililonitoa kwenye benchi.

Septemba mwaka jana, udongo ukiwa mkavu, tulipiga msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea. Tulifika watu 31, na majembe, sururu, mitarimbo miwili ya kuazima, na magogo ya miwati ambayo mzee mmoja aliyatoa bure shambani kwake. Kina mama walikuwa wameshabandika makande. Mpango wetu haukuwa wa kubahatisha. Kila baada ya hatua 20 tukate mfereji wa mshazari unaovuka njia, tuutandike mawe, maji yatoke pembeni kabla hayajapata nguvu. Palipo wima tuweke ngazi za magogo zilizofungwa kwa vigingi. Kingoni tupande majani ya guatemala na mabingobingo yashike udongo. Hatukuyatoa ng'ambo hayo. Wazazi wetu walifundishwa hapa hapa Lushoto na SECAP, mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, miaka ya 1980, na ile mistari ya majani mnayoiona ikizunguka vilima mkipanda kutoka Mombo ni kazi ya mikono ya namna hiyo hiyo.

Saa nne kasoro akaja ofisa juu ya bodaboda, faili kwapani. Bodaboda yenyewe ilipitia korongoni, lakini tuliache hilo. Akauliza, "Kibali chenu kiko wapi?" Tukamtajia barua. Akasema barua siyo kibali. Eneo linahitaji ukaguzi, kisha tathmini, kisha idhini ya ofisi tatu, na tukiendelea kuchimba tutashtakiwa kwa kuharibu mazingira. Kuharibu mazingira! Neno hilo alilitamka akiwa amesimama ndani ya korongo, anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu.

Tukaweka majembe begani. Makande tulikula, maana yalikuwa yameiva, na yeye tulimkaribisha akala.

Jioni ile nilimkumbuka bibi yangu. Alikuwa akisimulia jinsi Waingereza walivyowalazimisha Wasambaa kuchimba matuta, katika ule mpango ulioanzia Mlalo miaka ya 1940. Matuta ya amri, kwa faini, kwenye mashamba yao wenyewe. Watu waligoma, na kabla miaka ya 1950 haijaisha mpango ulikuwa umekufa. Serikali ile ilikuwa na amri ikakosa watu. Ninyi watu mnao, wamekuja kwa miguu yao asubuhi na mapema, na mmewarudisha nyumbani.

Majibu yenu nayajua, maana nimeshayasikia kutoka kwenye benchi.

Mtasema bajeti haitoshi. Mifereji na ngazi hatujaziombea hata senti. Nguvu ni zetu na magogo bado yamelala pale pale, yanaanza kuliwa na mchwa. Fedha tunayoitaka ni ya mawe tripu mbili na mabomba ya kizuizi cha jabali, na fedha hiyo itoke kwenye viingilio vya jabali hilo hilo.

Mtasema njia iko chini ya ofisi nyingine. Hilo nimeambiwa na ofisi zote. Wakati wa kukusanya, njia ina wenyewe watatu. Wakati wa kuchimba mfereji, inakuwa ya jirani. Ndiyo maana barua hii nimewaandikia wote kwa pamoja, muisome mbele ya macho ya wenzenu.

Mtasema wageni wapande gari au bodaboda mpaka juu. Wanaoweza wanafanya hivyo. Lakini anayepanda gari hanunui plamsi za mama wa kona ya pili, hasimami kuuliza huu ni mti gani, halali Lushoto siku ya pili kwa sababu ameshamaliza kila kitu kabla ya chakula cha mchana. Kilomita hizi 6 ndizo zinazotulisha.

Mtasema jabali ni kazi ya Mungu na anayeteleza ni mzembe. Yule mama alirudi nyuma hatua moja.

Liko moja lenye uzito, nalo nalikubali. Ofisa mmoja, mtu mwelewa, aliniambia kizuizi kibaya ni hatari kuliko kukosa kizuizi, kwa sababu watu wataegemea bomba lililoliwa na kutu. Ni kweli. Basi kiwekwe nyuma ya ukingo, hatua tatu au nne, kiwe cha kimo cha kiuno, kikaguliwe kila mwaka kabla ya masika. Kuhusu wale wanaoogopa kwamba kitaharibu picha: nyika ni kubwa, bomba halitaifunika.

Tunachoomba, kwa heshima, ni hiki:

a) Kabla Februari haijaisha tupewe kibali cha maandishi cha kutengeneza kile kipande cha hatua 200. Ukurasa mmoja unatosha, wenye jina la ofisi inayokibeba na jina la mtaalamu atakayetusimamia. Tathmini hatuikatai. Mtaalamu aje, atukosoe, abadilishe mifereji anavyoona inafaa, chai ipo.

b) Kizuizi kiwekwe jabalini. Kama mabomba hayatawahi masika, basi kwa sasa kamba nene, vigingi, na mawe yaliyopakwa chokaa, ambayo tuko tayari kuyapaka wenyewe.

c) Malipo yawe mamoja, kwa risiti ya mashine, na kila baada ya miezi mitatu karatasi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo Yoghoi: kiasi kilichokusanywa na kiasi kilichorudi njiani. Tarakimu mbili tu.

d) Mwanzo wa njia zisimikwe nguzo mbili, nafasi ya kati impitishe mtu na kapu lake, isipitishe pikipiki. Tumeshazungumza na bodaboda wenyewe. Wazee wao wanakubali; vijana wananuna, watazoea.

e) Mama wa maharage afidiwe. Yeye hakuniomba niandike hili.

Masika yanaanza Machi. Mawili yameshapita juu ya barua zangu, na la tatu halitasubiri mkubwa atoke kikaoni. Jumamosi ya kwanza ya Machi, saa moja asubuhi, tutakuwa chini ya ule mkaratusi wenye mizizi wazi, watu wale wale 31 na watakaoongezeka. Kibali kikiwa kimefika, tutaanza na mfereji wa kwanza kule juu, ambako maji yanaingilia. Kikiwa hakijafika hatutachimba; sisi si watu wa fujo. Tutakaa pale na majembe yetu mpaka mmoja wenu aje atueleze ana kwa ana. Makande yatakuwa tayari saa sita.

Wenu mtiifu,

Mwongoza wageni, Yoghoi
Kwa niaba ya watu 31 waliorudishwa Septemba

Nakala: Ubao wa matangazo, njia panda ya Yoghoi